Kuandika nasaba ya ukoo: anzia jamvini kwa bibi

Watu wengi wanaotaka kuandika nasaba ya ukoo wao huenda moja kwa moja kwa mzee wa kiume anayeongoza vikao, wakaandika majina anayoyataja kuanzia babu mkuu hadi kwao wenyewe, wakaona kazi imekwisha. Orodha ya namna hiyo haina uongo, lakini ni nusu ya ukoo, kwa kuwa aghalabu huwaacha mama, shangazi na watoto waliofariki wangali wachanga. Ushauri wangu ni kuanza kwa wanawake wazee, maana wao ndio waliozaa, waliosaidia wenzao kujifungua na waliokaa msibani usiku kucha wakisikiliza habari za marehemu.

Shangazi yangu anayeishi kijijini, mkoani Njombe, nilimkuta akichambua maharage jamvini, nikamwuliza bibi alizaa watoto wangapi. Alijibu kwamba ni sita. Kisha akatulia, akachukua punje moja baada ya nyingine na kuzipanga mstari mmoja huku akitaja majina, nyekundu kwa wa kike na za njano kwa wa kiume, na aliponyamaza mbele yake palikuwa na punje tisa. Watatu walifariki kabla hawajaanza kutembea, na mmoja wao ndiye aliyelibeba kwanza jina ambalo baadaye alipewa baba yangu. Tangu siku ile siulizi tena idadi ya watoto. Namwomba mzee aanze na kifungua mimba, kisha nauliza ni nani aliyemfuata, hadi tufike kwa kitinda mimba.

Nenda na sukari na sabuni, salimia kwa utaratibu wa nyumba ile, na usitoe daftari kabla hamjazungumza habari nyingine. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti kwa simu.

Jambo linalowapoteza wengi ni majina yetu ya undugu. Mzee akisema "baba yangu", anaweza kuwa anamtaja baba mzazi, baba mkubwa au baba mdogo, na "kaka yangu" anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo ambaye walilelewa pamoja. Hakuna kosa katika usemi huo, kwa sababu ndivyo heshima ya ukoo inavyotaka, lakini ukiuandika ulivyo utapata mchoro usioeleweka. Uliza kwa upole kama ni wa baba mmoja na mama mmoja, na kama babu alikuwa na wake zaidi ya mmoja, andika kila nyumba na watoto wake. Kwa Wanyakyusa majina mengi ya ukoo huanza na "Mwa-", na jina moja linaweza kukutwa Rungwe, Kyela na Mbeya mjini kwa watu wasiojuana. Kufanana kwa jina pekee kusikufanye uwaunganishe. Aidha, kwa kuwa zamani Wanyakyusa vijana wa rika moja walijenga kijiji chao mbali na baba zao, majirani wa babu huenda walikuwa wanarika wenzake na si ndugu zake.

Tarehe huulizwa kwa njia ya matukio. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa anaweza kukumbuka kwamba mama yake alimweleza alikuwa mgongoni wakati fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliporudishwa Kalenga, Iringa, na hapo unapata mwaka 1954. Tengeneza ukurasa mmoja wa matukio kabla hujaondoka: kifo cha Mkwawa mwaka 1898, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vita vya Wajerumani na Waingereza vya 1914 hadi 1918, Uhuru wa 1961, kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, kukamilika kwa reli ya TAZARA mwaka 1975, na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Andika "kati ya 1952 na 1954" pale usipokuwa na uhakika, wala usibuni siku ili mchoro upendeze.

Baada ya mazungumzo, nenda kanisani. Wamisionari Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na katika parokia na sharika kongwe za Nyanda za Juu Kusini daftari za ubatizo na ndoa zinaweza kuwa na majina ya wazazi ambayo hakuna aliye hai anayeyakumbuka. Daftari za zamani za Kikatoliki mara nyingi ziliandikwa kwa Kilatini, na ndoa ya mtu huongezwa pembeni mwa mstari wa ubatizo wake, kwa hiyo soma ukurasa wote hadi ukingoni. Kumbuka kwamba mtu aliyebatizwa ukubwani huenda anajulikana kijijini kwa jina jingine kabisa.

Mnyororo ukikatika, uliza alikwenda wapi kufanya kazi. Wanaume wa huku walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, kwenye mashamba ya mkonge na katika migodi ya Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi hiyo, na wengine walioa huko wasirudi. Stakabadhi ya kodi au kadi ya kazi iliyohifadhiwa ndani ya sanduku la bati inaweza kukuonyesha mahali pa kuendelea kutafuta.

Kila jambo unaloandika liambatane na jina la aliyekueleza na siku aliyokueleza. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ugonjwa au ugomvi wa shamba usitangazwe katika kundi la WhatsApp. Mwulize kwanza anayehusika, na akikataa, iache habari hiyo katika daftari lako. Kwa walio hai weka mwaka wa kuzaliwa tu, kwa sababu namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) huanza na tarehe kamili ya kuzaliwa na si vyema kuisambaza.

Wakati mzuri wa kuwashirikisha ndugu ni mwishoni mwa Desemba, wengi wanapokuwa nyumbani. Chapisha mchoro kwenye karatasi kubwa wenye herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma, uutundike ukutani, na uache nafasi wazi pamoja na kalamu. Masahihisho yanapoandikwa, usifute jina la awali. Lipigie mstari mmoja, andika pembeni aliyelisahihisha, na picha ya karatasi hiyo uitume kwa kila nyumba ya ukoo ikiwa na tarehe.