Kesi ya ulevi barabarani na kibali cha kubeba bastola Marekani: mwongozo kwa watu wa Mbeya na Iringa

Je, kesi ya ulevi barabarani inamzuia mtu kupata kibali cha kubeba bastola Marekani? Swali hili huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni kijana wa Uyole au Mafinga mwenye grini kadi, anaendesha lori Texas au North Carolina, akakamatwa hukohuko akiwa amekunywa, na sasa anataka kibali cha kubeba bastola kwa kificho. Wa pili alikamatwa huku nyumbani, akalipa faini mahakamani, yakaisha. Miaka imepita na anataka kujua kama karatasi ile itamfuata ng'ambo. Majibu yao hayafanani. Wengi huharibikiwa kwa sababu wamesikia jibu la mmoja wakalitumia kwa mwingine.

Kabla ya habari ya pombe, angalia uko Marekani kwa hadhi gani. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kutembea, sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima na si ya jimbo moja, inamkataza kumiliki bunduki au bastola, isipokuwa kwa ruhusa chache, mojawapo ikiwa leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Mwanafunzi asiye na ruhusa hiyo anashika kosa la shirikisho hata kama hajawahi kuonja bia maishani. Mwenye grini kadi hana katazo hilo, na yanayofuata yanamhusu yeye.

Kipimo cha kwanza: adhabu ambayo ingeweza kutolewa

Hakuna kifungu cha shirikisho kinachosema aliyeendesha gari amelewa asiguse silaha. Kinachoulizwa ni kama kosa ulilotiwa hatiani lingeweza kukupa kifungo cha zaidi ya mwaka 1. Kama jimbo lenyewe linaliweka kosa hilo katika kundi la makosa madogo, mpaka unasogea hadi zaidi ya miaka 2. Zingatia neno "lingeweza". Kwamba hakimu alikupa faini na saa za kazi za jamii, au hukulala mahabusu hata usiku mmoja, haisaidii. Wanaangalia kilele cha adhabu kilichoandikwa kwenye sheria, si ulichopewa.

Hapa ndipo majimbo yanapoachana. Texas, kosa la kwanza la kawaida lina kilele cha siku 180. Kipimo cha pombe mwilini kikifika 0.15 kilele kinakuwa mwaka 1. Yote mawili hayavuki mpaka. Lakini kosa la tatu ni miaka 2 hadi 10, na ukikamatwa umelewa huku umebeba mtoto wa chini ya miaka 15, hata kama ni mara yako ya kwanza, unaingia kwenye makosa makubwa. New York, kosa la pili ndani ya miaka 10 linafika kifungo cha miaka 4. Massachusetts ndiyo inayowashangaza watu: kosa la kwanza kabisa linaitwa dogo, ila kilele chake ni miaka 2 na nusu. Miezi sita hiyo ya ziada inatosha kukuondolea haki ya silaha chini ya sheria ya shirikisho.

Pennsylvania ina mfano unaofaa kuujua. Mtu mmoja alitiwa hatiani mara ya pili, kipimo kikiwa kwenye daraja la juu kabisa, 0.16 na kuendelea. Jimbo linaliita kosa dogo la daraja la kwanza, kilele miaka 5. Alipodai haki yake ya silaha, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimkatalia mwaka 2020, katika kesi ya Holloway. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2022 katika kesi ya Bruen, uliopanua haki ya kubeba silaha, madai ya namna hii yamefufuka mahakamani, kwa hiyo aliyeko kwenye kundi hilo ana sababu ya kumlipa wakili. Asijaribu peke yake: kumiliki silaha huku umekatazwa ni kifungo cha hadi miaka 15.

Cha kufanya: nenda kwa karani wa mahakama iliyokuhukumu, omba nakala yenye muhuri ya uamuzi wa mwisho wa kesi. Ndani yake tafuta vitu vitatu: namba ya kifungu cha sheria, daraja la kosa, na tarehe ya kutiwa hatiani. Kisha soma kilele cha adhabu ya kifungu hicho kama kilivyokuwa wakati ule. Usitegemee kumbukumbu yako wala maneno ya wakili wa zamani kwamba "ilikuwa ndogo tu". Wengi walishtakiwa kwa kosa moja wakahukumiwa kwa lingine baada ya makubaliano na mwendesha mashtaka, na linalohesabika ni la hukumu.

Kipimo cha pili: masharti ya jimbo

Ukifaulu kipimo cha shirikisho bado hujapata kibali. Kila jimbo lina muda wake wa kungoja.

Texas inataka iwe imepita miaka 5 tangu kutiwa hatiani kwa kosa dogo la daraja A au B, na ulevi wa kwanza barabarani ni B. Hukumu mbili za pombe ndani ya miaka 10 zinakufanya uhesabiwe kuwa mtegemezi wa kilevi, na hapo unakataliwa. Kesi ikiwa bado inasikilizwa, nayo inazuia. Na kuna mtego: yule ambaye hukumu yake iliahirishwa kwa masharti, akaambiwa akitulia hatatiwa hatiani, kwa ajili ya kibali cha Texas anahesabiwa ametiwa hatiani. Watu hujaza "hapana" kwa nia njema kabisa na ombi linarudi.

North Carolina na Virginia zinangoja miaka 3 tangu hukumu. Florida inaangalia hukumu mbili au zaidi ndani ya miaka 3 kabla ya ombi, kwa hiyo moja peke yake haikufungii mlango kwa kipengele hicho.

Kosa linalojirudia ni kuhesabu kuanzia siku ya kukamatwa. Chukua mtu aliyekamatwa Raleigh Machi 2022, kesi ikasogezwa mara kwa mara, akatiwa hatiani Februari 2023. Akihesabu kutoka Machi 2022, atapeleka ombi kwa sherifu Aprili 2025 na kukataliwa, ada imekwenda. Miaka 3 yake inaisha Februari 2026. Ongeza wiki mbili za tahadhari juu ya tarehe hiyo, halafu ndipo upeleke.

Kuna majimbo ambayo siku hizi mtu mzima anaweza kubeba bila kibali, Texas tangu Septemba 1, 2021 na Florida tangu Julai 1, 2023. Wengi wenye kesi ya ulevi huona wamepata njia ya mkato. Wasikimbilie. Katazo la shirikisho linabaki palepale. Tena asiye na kibali cha jimbo lile anabanwa na sheria ya shirikisho ya maeneo ya shule: futi 1,000, kama mita 300, kutoka kwenye uwanja wa shule. Mwenye kibali cha jimbo hilo ameondolewa kwenye katazo hilo, asiye nacho hajaondolewa. Ukiendesha gari mjini huwezi kukwepa shule.

Jambo lingine ni baada ya kibali kupatikana. North Carolina inakataza kubeba kwa kificho huku mwilini kuna pombe yoyote iliyobaki, si mpaka ufike 0.08, kiwango cha ulevi barabarani. Ukialikwa kwenye kipaimara au harusi ya watu wa nyumbani na unajua utakunywa hata bia moja, bastola ibaki nyumbani imefungiwa. Wala usipige hesabu za glasi, hasa kwa pombe za kienyeji zinazotengenezwa majumbani: mtu aliyezoea ulanzi wa Iringa anajua kwamba uliolala una nguvu kuliko wa asubuhi, na hakuna lebo ya kukuambia.

Hukumu ya Mbeya au Iringa: inahesabika?

Kwa katazo la shirikisho, hapana. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2005, katika kesi ya Small dhidi ya Marekani, kwamba hukumu zinazozungumzwa ni za mahakama za Marekani. Small mwenyewe alikuwa amehukumiwa Japani. Kwa hiyo hukumu ya Mahakama ya Wilaya ya Mbeya peke yake haikuondolei haki hiyo.

Hilo halimaanishi uifiche. Fomu za majimbo hutofautiana: moja inauliza hukumu za jimbo hilo, nyingine inauliza "mahali popote". Soma swali kama lilivyoandikwa na ulijibu hilo hilo. New York inakwenda mbali zaidi: unaitwa usoni kwa mahojiano, unaleta majina ya wadhamini wanne wa tabia yako, na unamaliza saa 16 za darasa na 2 za kulenga shabaha. Ofisa ana nafasi ya kupima tabia, na hukumu ya ulevi ya nchi yoyote inaweza kuingia kwenye mazungumzo.

Tofautisha pia faini ya papo kwa papo na hukumu. Karatasi ya trafiki ya shilingi 30,000 uliyolipa kwa namba ya malipo baada ya kusimamishwa Igawa au chini ya Kitonga si hukumu ya mahakama. Lakini kama ulipulizishwa kipima ulevi, ukapelekwa kwa hakimu, ukasomewa shtaka na ukajibu "ni kweli", hapo umetiwa hatiani, hata kama yote yalimalizika kabla ya saa sita mchana.

Wanaosoma haya kabla ya kupanda kizimbani wafikirie neno hilo. Jibu la "ni kweli" huandikwa kwenye jalada kama lilivyotamkwa, na ukishakiri, rufaa yako kwa kawaida inabaki kwenye adhabu tu. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ana siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kupeleka rufaa yenyewe Mahakama Kuu, Kanda ya Mbeya au Iringa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30.

Kufuatilia karatasi ukiwa mbali

Mtume mdogo wako au mjomba aliyeko karibu na mahakama. Mpe barua ya idhini yenye sahihi yako, nakala ya kitambulisho cha NIDA au pasi, namba ya kesi na mwaka. Namba ukiwa umeipoteza, mpe jina la mahakama na tarehe ya karibu, masijala watatafuta kwenye rejista, ila ajipange kurudi zaidi ya mara moja. Aombe nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, zote ziwe na muhuri wa mahakama, pamoja na uthibitisho wa malipo ya faini.

Kinachokwamisha mara nyingi ni jina. Trafiki aliandika majina mawili ya kwenye leseni, pasi ina matatu, au herufi moja imegeuka. Tengeneza hati ya kiapo kwa wakili inayoeleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na uiambatanishe. Karatasi za Kiswahili zinazokwenda idara ya uhamiaji ya Marekani zinahitaji tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri aandike na kusaini kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi.

Kwa aliyeko kwenye hatua ya viza ya ukaazi, fomu ya DS-260 inauliza kukamatwa, siyo hatia tu. Kukamatwa au kuhukumiwa kwa ulevi barabarani mara moja ndani ya miaka 5, au mara mbili ndani ya 10, kunakurudisha kwa daktari wa ubalozi apime kama kuna tatizo la pombe. Hilo si kukataliwa. Kinachokataliwa ni uongo.

Grini kadi ni ya thamani kuliko bastola

Mwenye grini kadi ana hatari ambayo raia hana. Hukumu ya kosa la silaha inaweza kukufukuzisha nchini. Na tangu uamuzi wa 2019 wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani katika shauri la Castillo-Perez, hukumu mbili za ulevi barabarani ndani ya kipindi kinachoangaliwa zinachukuliwa kuwa dalili ya kukosa tabia njema, jambo linalotumika pia kwenye ombi la uraia. Hukumu iliyofutwa na jimbo inaweza kukurudishia haki ya silaha, lakini uhamiaji bado wanaweza kuihesabu. Aliyekwisha kuwa na hukumu moja, ushauri wetu ni amalize uraia kwanza, kibali kitamngoja.

Kwenye duka la silaha, Fomu 4473, ile ya mnunuzi, ijaze mwenyewe, polepole. Uongo ndani yake ni kifungo cha hadi miaka 10. Usimwombe rafiki anunue kwa niaba yako kwa sababu una wasiwasi na kesi yako: hilo ni kosa la shirikisho kwenu wote wawili.

Kibali hicho pia hakivuki bahari. Tanzania haina kibali cha kificho cha namna hiyo. Umiliki unaongozwa na Sheria ya Silaha na Risasi ya 2015, na ombi huanzia kwa watu wa mtaa au kijiji chako wanaokujua unavyokunywa.

Ukikataliwa Marekani, tazama barua kwanza imetoka wapi. Texas inakupa siku 30 tangu kupokea barua kuomba usikilizwe na hakimu wa mahakama ndogo. Kama zuio limetoka kwenye ukaguzi wa FBI, omba sababu kwa maandishi halafu ulikatie rufaa. Mara nyingi mfumo unaonyesha kukamatwa bila kuonyesha kesi iliishaje, na ile nakala yenye muhuri uliyoichukua kwa karani ndiyo unayoambatanisha.