Kusoma sayansi ya siasa kwa kijana wa Unguja na Pemba: hatua kwa hatua

Assalaam alaykum wanachama. Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi na vijana huuliza jambo moja: mtu akisoma sayansi ya siasa atafanya kazi gani? Swali hili ni la haki. Ualimu na uuguzi zina ajira zenye majina yake, lakini shahada hii haina kazi moja inayoitwa kwa jina lake. Humfunza mtu kuchunguza nani ana madaraka, kayapata vipi na anawajibika kwa nani. Ajira hupatikana pale uwezo huo unapofungamana na ujuzi wa pili ambao mwajiri anaweza kuuona na kuupima, kama takwimu, sheria, lugha au uandishi.

Hatua ya kwanza: fahamu kinachosomwa. Wapo wanaoingia wakitarajia kufundishwa kuhutubia na kugombea. Kinachosomeshwa ni nadharia ya siasa, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, utawala wa umma na mbinu za utafiti. Chukua mfano wa kwetu. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini kikapata viti 13 kati ya 31, na muungano wa vyama viwili pinzani, ZNP (Hizbu) na ZPPP, ukapata 18. Barazani tumezoea kubishana nani alistahili kutawala. Mwanafunzi wa siasa hutakiwa kwanza aeleze jambo hilo lilitokeaje: mahali ambapo kila jimbo hutoa mshindi mmoja kwa wingi wa kura, chama chenye wafuasi waliojazana katika majimbo machache hushinda huko kwa kura nyingi za ziada zisizokiongezea kiti chochote, na mpinzani wake akishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo humpita kwa viti. Akishalielewa hilo, ataweza kuuliza mipaka ya majimbo ilichorwa vipi, na kwa nini miaka mingi baadaye Wazanzibari, kwa kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, walikubali mfumo wa serikali ya umoja wa kitaifa ambao haumwachi mshindi peke yake na serikali yote. Kijana ambaye maswali ya namna hii hayamvutii, namshauri kwa moyo safi atafute fani nyingine.

Hatua ya pili: tahasusi na sifa. Tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita, zilizozoeleka ni HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGE (Historia, Jiografia na Uchumi). Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), sharti la msingi kwa shahada nyingi za fani hii ni kufaulu masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Kila chuo huweza kuongeza masharti yake, na maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja.

Hatua ya tatu: chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma husomesha sayansi ya siasa pamoja na utawala wa umma. Anayelenga diplomasia aangalie Chuo cha Diplomasia kilichopo Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji. Asiyeweza kuondoka visiwani ana Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu kwa masomo ya jirani kama sheria na utawala wa umma, na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kina kampasi Bububu. Kuhusu fedha, ombeni mapema katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar au HESLB, bodi ya mikopo ya Tanzania.

Hatua ya nne: jenga ujuzi wa pili tangu mwaka wa kwanza. Hapa ndipo wengi wanapopoteza miaka mitatu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wanafunzi wengi hukimbia takwimu, na ndizo zinazowatenganisha waombaji. Tuseme shirika limechunguza maoni ya watu 2,400 Tanzania nzima. Makisio yake huweza kupotoka kwa takriban pointi 2 za asilimia juu au chini. Lakini kwa sensa ya 2022, Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 kati ya 61,741,120, yaani kama asilimia 3. Watu hao 2,400 wakigawanywa kwa uwiano huo, Wazanzibari watakuwa 73 tu, na kupotoka kwa makisio ya Zanzibar peke yake kutazidi pointi 11. Kwa hiyo gazeti likiandika kwamba Wazanzibari wengi wanaunga mkono jambo fulani kwa asilimia 55, aliyesoma ataomba kwanza aambiwe waliohojiwa visiwani walikuwa wangapi. Kwa ofisi inayotaka kuamua jambo, mtu wa namna hiyo ana manufaa.

Ujuzi wa pili si lazima uwe takwimu. Kiarabu au Kifaransa kilichosomwa kwa bidii kina soko. Vilevile uandishi: awezaye kufupisha mswada wa kurasa 40 kuwa kurasa 2 zinazoeleweka, kwa Kiswahili fasaha na kwa Kiingereza, atatafutwa.

Hatua ya tano: mafunzo ya vitendo na tasnifu. Ombeni nafasi Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, ofisi za wilaya, halmashauri, au jumuiya za kiraia zilizo chini ya mwavuli wa miungano ya jumuiya hizo, yaani ANGOZA kwa Unguja na PACSO kwa Pemba. Tasnifu iandikwe juu ya jambo la hapa. Nyaraka zilizohifadhiwa Kilimani na taarifa rasmi za mijadala ya Baraza ni hazina, na kazi za sheha, kiongozi wa serikali wa ngazi ya mtaa au kijiji, katika shehia moja tu zinatosha utafiti mzima.

Hatua ya sita: kazi zilipo. Afisa utumishi, afisa tawala, afisa mipango, mtafiti, afisa wa kamati za Baraza, mwandishi wa habari za siasa, afisa miradi, mhadhiri. Nafasi za serikalini hutangazwa, na usaili hauangalii cheti peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Micheweni: *Mwalimu, nimesoma HKL na hesabu niliziacha kidato cha nne. Takwimu nitaziweza?*

Utaziweza, mwanangu. Takwimu za fani hii huanzia asilimia, wastani na uwiano. Anza na majedwali ya kompyuta likizo hii, ukitumia matokeo ya uchaguzi wa jimbo lako.

Mzazi, Wete: *Binti yangu anataka diplomasia. Je, Mzanzibari ana nafasi?*

Anayo, bibi. Mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hiyo wizara ni moja kwa pande zote mbili. Dk. Salim Ahmed Salim, ambaye Chuo cha Diplomasia kimepewa jina lake, ni Mzanzibari. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa balozi nchini Misri, na kuanzia 1989 hadi 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Kwa vijana wa leo ushindani ni mkubwa zaidi, basi binti asome na lugha ya pili ya kigeni.

Mwanachama wa Jang'ombe: *Ni lazima niingie chama ili nipate kazi?*

Si lazima, na baadhi ya kazi zinataka kinyume chake: Tume ya Uchaguzi, utafiti na uandishi wa habari huhitaji mtu anayeaminiwa na pande zote. Ni kweli wapo waliosoma fani hii wakawa viongozi wa vyama. Maalim Seif Sharif Hamad aliisoma Dar es Salaam kuanzia 1972 hadi 1975, baada ya kuwa mwalimu. Uamuzi huo ni wako, lakini jihadhari na unayoyaandika mitandaoni wakati wa kampeni, kwa sababu waajiri huyasoma.

Mwanachama wa Mkoani: *Nina diploma ya utawala, sikupitia kidato cha sita.*

Njia ipo. Kwa kawaida hutakiwa diploma yenye wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0. Peleka nakala ya matokeo yako kwa ofisi ya udahili, uulize kwa maandishi kama diploma hiyo inakubalika kwa programu unayoitaka kabla hujalipa ada ya maombi.