Jinsi ya kutafsiri "ameliorate" bila kuboresha umaskini

Niliwahi kuletewa rasimu niihariri, nikakuta humo: "Mradi unalenga kuboresha umaskini." Matini ya Kiingereza ilisema "ameliorate poverty". Mfasiri alifungua kamusi, akaona "boresha", akaiandika. Kamusi haikumdanganya, lakini sentensi yake inaahidi umaskini ulio bora zaidi. Tangu siku hiyo, kila nikikutana na kitenzi hiki nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Kifungue uone kilichomo. Ndani yake mna "melior", neno la Kilatini lenye maana ya "bora zaidi". Kiingereza kilianza na "meliorate" katika karne ya 16. "Ameliorate" ikaja karne ya 18, kwa kufuata "améliorer" ya Kifaransa. Hiyo "a" ya mwanzo haikanushi chochote, kwa hiyo usiichanganye na ile ya "amoral". Kwa Wafaransa hiki ni kitenzi cha kila siku. Kwa Kiingereza ni neno la ripoti na maandishi ya tiba; katika mazungumzo watu husema "improve" au "ease".

Hatua ya 2: Tazama yambwa, yaani kile kinachotendewa na kitenzi. Hapa usiharakishe, maana yambwa ndiyo inayoamua. Mara nyingi kinachofuata kitenzi hiki ni kitu kibaya, na hapo "boresha" haifai. Maumivu hutulizwa, umaskini hupunguzwa, athari za ukame hupunguzwa makali. Lakini yambwa ikiwa "conditions", basi "kuboresha hali" ni sawa kabisa, kwa sababu hali yenyewe yaweza kuwa mbaya au nzuri.

Chukua sentensi hii: "The drug ameliorated her symptoms." Mimi naandika: "Dawa ilimpunguzia dalili za ugonjwa." Angalia kauli ya kutendea ilivyomwingiza mgonjwa ndani ya kitenzi, ile "her" haina haja tena ya kutafutiwa "zake". Utamu wa Kiswahili uko hapo, na wafasiri wengi wanaupita.

Hatua ya 3: Usizidishe. "Ameliorate" haisemi kwamba tatizo limekwisha. Ukiandika "iliondoa dalili", umempa mgonjwa nafuu kubwa kuliko aliyoandikiwa.

Hatua ya 4: Funika Kiingereza, usome Kiswahili chako kwa sauti. Ukisikia kitu kibaya kimekaa mara tu baada ya "boresha", rudi kwenye yambwa.