Kuondoa vitu visivyotumika nyumbani: tafuta wachukuaji kwanza, ndipo ufungue stoo

Kazi ya kupunguza vitu nyumbani hukwama mwishoni, mara chache sana mwanzoni. Nguo zimechambuliwa, salfeti zimefungwa, zimewekwa koridoni zisubiri mtu wa kuzichukua. Mwezi unapita, watoto wamezifungua, na nusu ya vilivyokuwemo vimerudi kabatini. Kwa hiyo hapa tunaanzia nyuma: kwanza wachukuaji, ndipo vitu. Maelezo haya yanafuata hali ya nyumba ya mjini Tanzania, yenye stoo moja, uani, na ndugu wanaokuja na kuondoka.

Wiki moja kabla

Chukua karatasi uandike watu utakaohitaji, namba zao na siku watakayokuja: mnunuzi wa chuma chakavu, fundi friji, fundi wa simu au redio, kituo cha watoto au kikundi cha msikitini au kanisani, na siku ambayo gari la taka hupita mtaani kwako. Kama kuna godoro, kabati bovu au masofa, weka oda ya guta au kirikuu mapema, mkubaliane bei pamoja na kupakia, maana wengi hutaja bei ya safari tu na ubishi huanza mzigo ukiwa tayari barabarani. Uliza pia unapelekwa wapi. Mzigo uliotupwa mtaroni usiku utasababisha mafuriko kwa majirani zako masika yakifika.

Tarehe ina uzito wake. Kama una vya kuuza, lenga siku za mwisho wa mwezi na za mwanzo wa unaofuata, watu wakiwa na mshahara. Sare na madaftari yenye kurasa tupu yatoe Desemba au mapema Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Na uani usafishe kabla ya masika, Machi ikianza, kwa sababu vitu vikishalowa havina mnunuzi.

Vifaa ni vichache: salfeti 6, maboksi 2 imara, kalamu ya maka, gundi ya karatasi ya kubandika, glavu, barakoa, sumaku ndogo, na mzani wa kuning'iniza wa kilo 50. Usichambue bila kuandika juu ya salfeti. Salfeti isiyo na jina hufunguliwa upya, na kila inapofunguliwa kuna kitu kinachorudi ndani.

Mafungu matano

Kinachobaki, kinachouzwa, kinachotolewa, kinachotupwa, na chenye mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na katika nyumba nyingi za kwetu ndilo kubwa kuliko yote: begi la binamu aliyepata kazi mkoani, vyombo vya dada aliyehama, shangazi kaja mbili za mpangaji wa zamani. Usiziguse kimyakimya. Mpigie mwenyewe, kisha mtumie ujumbe wenye picha ya mzigo na tarehe ya mwisho, siku 30 mbele, ili maneno yabaki kwa maandishi. Akikubali utoe, muombe aandike hivyo. Asipojibu, mpitishie mkubwa wa familia badala ya kuamua peke yako. Begi huondoka kwa siku moja, lakini ugomvi wa ndugu hukaa miaka.

Vitu vya marehemu navyo vina utaratibu wake. Nguo, simu, vyombo na samani alizoacha ni sehemu ya mirathi, hata vikionekana havina thamani. Ngoja kikao cha familia na msimamizi wa mirathi ndipo chochote kitoke. Nyaraka, funguo, kadi za benki na laini za simu zitenge siku ya kwanza kabisa, uzikabidhi mbele ya watu wawili. Tumeona mara nyingi jinsi hati ya kiwanja inavyoishia ndani ya koti lililotolewa sadaka.

Wapi pa kuanzia

Anza uani, halafu jikoni, kisha nguo, kisha makaratasi. Stoo iwe ya mwisho. Ukianza na stoo utaiacha ikiwa tupu, na vyumba vingine vitaijaza tena kabla ya Jumapili. Picha na barua usizianze siku ya kwanza. Zinakula muda na kulegeza moyo.

Uani tafuta chochote kinachotuamisha maji: tairi kuukuu, ndoo zilizopasuka, makopo, sinki la zamani. Mbu wa dengi, aliyesumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaa katika maji machache ya namna hiyo. Tairi ambalo huwezi kuliondoa leo litoboe matundu upande wa chini au lijaze mchanga.

Jikoni hesabu watu, si vyombo. Familia ya watu 6 inayopokea wageni inatosheka na sahani 12, vikombe 12, sufuria 5 za ukubwa tofauti na moja kubwa ya shughuli. Hotpoti lililopoteza mpira wa mfuniko halihifadhi joto. Tafuta mpira au liache liende. Makontena ya plastiki yapange kila moja na kifuniko chake, yasiyo na mwenza yatoke. Maboksi ya vifaa vya umeme yasirudi ndani hata kidogo: mende hutaga katika mikunjo ya karatasi ngumu.

Kwa nguo, jaribu kila moja mwilini au uiulize swali moja: imevaliwa tangu Idi au Krismasi iliyopita? Nguo ya kutoa iwe safi, na vifungo na zipu vifanye kazi. Iliyochanika usimpe mtu. Kama ni ya pamba, ikate vipande vya sentimita 40 kwa 40 uwapelekee mafundi magari. Wanahitaji matambara kila siku, ila poliesta hawaitaki. Nyingine nzuri unaweza kubadilishana na wanaopita mitaani na mabeseni, lakini panga nguo zako mafungu madogo na upatane fungu kwa fungu, usimwage zote mbele yao mara moja.

Godoro lenye kunguni halitolewi wala haliuzwi. Chunguza mishono na kona kwa tochi: madoa meusi madogo na maganda ya rangi ya kahawia ndiyo dalili. Likiwa nao, lichane katikati ili asije mtu akaliokota, lifunge kwenye nailoni kubwa, lipakiwe siku hiyo hiyo. Shuka zake zifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60 au zaidi.

Chuma chakavu na vya umeme

Hapa ndipo pesa hupotea. Rundo lililochanganywa hulipwa bei ya chuma, ambayo ndiyo ya chini. Pitisha sumaku: kinachonata ni chuma, kisichonata mara nyingi ni aluminiamu, kopa, brasi au stili ya sufuria. Yatenge, pima kila fungu kwa mzani wako, andika kilo kabla mnunuzi hajafika. Kuhakiki mzani wake, ning'iniza chupa ya maji ya lita 1.5 iliyojaa, inapaswa kusoma kilo moja na nusu hivi. Nyaya zimenye kwa kisu. Kuzichoma hutoa moshi wa sumu na kuishusha bei ya kopa yenyewe.

Mtungi wa gesi usiupeleke kwenye chakavu, hata ukidhani ni mtupu: gesi iliyobaki hulipuka ukikatwa. Urudishe kwa wakala. Betri ya gari iuze nzima, ikiwa imesimama ndani ya beseni, na asidi yake usiimwage. Friji bovu muite fundi atoe gesi kwanza. Za kisasa nyingi zina gesi inayowaka moto, na za zamani zina gesi inayoharibu tabaka la ozoni. Likikaa nje hata usiku mmoja, ng'oa mlango, kwani mtoto akijificha ndani hawezi kuufungua. Televisheni ya chogo usiivunje: kioo chake kina risasi, na ndani umeme hubaki hata ikiwa imechomolewa.

Simu iliyovimba betri usiitoboe wala usiichaji. Iweke katika kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, hadi fundi aichukue. Simu nzima ya kuuza ina mpangilio: hamisha picha, toa laini na kadi ya memori, toka kwenye akaunti ya Google au Apple, ndipo ufute kila kitu. Ukifuta kabla ya kutoka kwenye akaunti, mnunuzi ataikuta imefungwa na atairudisha. Bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI kwenye karatasi ya mauziano pamoja na jina lake, namba ya kitambulisho na sahihi zenu. Karatasi hiyo inawalinda wote wawili kesho polisi wakiuliza.

Kuhusu bei: kitu kizima kianze nusu ya bei ya kipya dukani. Wiki mbili zikipita bila mtu, punguza robo. Mwezi ukiisha, kitoe. Piga picha mchana, uonyeshe na kasoro. Malipo ya simu yathibitishe kwa kuangalia salio lako mwenyewe, kwa sababu ujumbe wa pesa unaweza kughushiwa.

Makaratasi, dawa na sumu

Tunza daima vyeti vya kuzaliwa, ndoa, kifo na shule, hati na mikataba ya viwanja, kadi za gari, michango ya mafao. Kumbukumbu za biashara na kodi zitunze miaka 5. Risiti za Luku za umeme ulioisha kutumika hazina kazi. Usiuze kwa wakaanga karanga karatasi zenye jina au namba ya akaunti: ziloweke usiku kucha kwenye ndoo, zivuruge ziwe uji, ndipo zitupwe.

Dawa zilizopita muda uliza kwanza kama duka la dawa au zahanati inazipokea. Kama hapana, zitoe kwenye pakiti, changanya na majivu au majani ya chai yaliyotumika, funga ndani ya kopo. Chooni hapana. Rangi iliyobaki changanya na mchanga, acha wazi kivulini hadi igande. Makopo ya viuatilifu suuza mara tatu na utoboe, yasigeuzwe ya kuchotea maji.

Stoo

Fungua mlango na dirisha nusu saa kabla ya kuingia. Palipo na mavi ya panya usifagie pakavu, vumbi lake huambukiza. Nyunyizia jiki, kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji, subiri dakika 5, kisha futa kwa tambara ukiwa na glavu. Toa vyote, vipite mafungu yale matano, na wachukuaji waje siku hiyo hiyo au kesho yake.

Vinavyorudi vipandishe juu ya mbao au chaga, sentimita 10 kutoka sakafuni na mbali kidogo na ukuta, hewa ipite na uone kinachotembea nyuma. Ukikuta mstari wa udongo mwembamba ukipanda ukutani, hao ni mchwa: muite mpuliziaji kabla hujarudisha boksi hata moja.