Tulivyopanga safari ya Dar hadi Matema tukiwa miji mitano

Tulilala bweni moja Iringa, tukamaliza shule mwaka 2006 na kila mmoja akashika njia yake. Leo mmoja yuko Mwanza, mmoja Muscat, mmoja Toronto, mmoja Bukoba, nami niko Dar es Salaam. Miaka yote tulikuwa tunaambiana "iko siku tutasafiri pamoja", na hiyo siku haikupewa tarehe. Mwaka jana Juni tulisafiri kwa gari moja: Mikumi, Iringa, Mbeya, Tukuyu, mpaka Matema kwenye Ziwa Nyasa. Maandalizi ya miezi sita yote yalifanyika kwenye simu. Nawaandikia wenye grupu lililojaa "jamani tupange" na hakuna kinachopangwa.

Anza kwa kufungua grupu la pili. Misiba, harusi, picha za watoto na umbea vibaki kwenye grupu la zamani. Hili jipya ni la safari tu. Kuna watakaoona ni ukali. Mimi naona ni kuheshimiana. Mwenzetu wa Mwanza ana duka, simu anaishika dakika chache akipata nafasi. Akikuta meseji 140 atajuaje ipi inasubiri jibu lake?

La pili ni saa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tulipoumizana. Niliandika: "Tuongee Jumamosi saa tatu." Kwangu mimi ni saa tatu usiku, watoto wamelala. Wa Toronto ameishi kule miaka kumi na moja, saa zake zimeshageuka. Akasoma saa tatu ya Kizungu, yaani alasiri ya Dar. Wakati wa baridi Toronto iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo kwake ilikuwa saa moja asubuhi. Ametoka zamu ya usiku, hajalala, kakaa na simu mkononi. Mimi niko sokoni Tandika, simu iko kwenye pochi. Siku mbili hakuandika kitu.

Tangu siku hiyo kila kikao tunakiandika namna hii, na ujumbe tunaubandika juu ya grupu:

"Jumamosi. Dar, Mwanza, Bukoba: saa 3 usiku (21:00). Muscat: 22:00. Toronto: 13:00."

Andika mji na saa yake, usimwachie mtu hesabu. Na mwezi Machi kumbuka kuibadilisha, maana Toronto husogeza saa mbele. Ile 13:00 ikawa 14:00.

Kuongea wote kwa pamoja kulikuwa na kazi yake. Simu za programu tuliyoizoea hazikupita vizuri kwa mwenzetu wa Muscat, tukahamia Google Meet. Ukitumia bila kulipia, mkiwa watatu au zaidi inakata baada ya dakika 60, na hilo lilitusaidia: dakika kumi za kusalimiana, zinazobaki ni kazi. Wiki mbili mara moja inatosha. Kikao kikiisha, mmoja aandike maamuzi kwa mistari mitano au sita, usiku uleule. Usiyatume kwa sauti. Ujumbe wa sauti ni mtamu, unamsikia mwenzio anavyocheka, lakini baada ya wiki tatu ukitaka kujua gesti tulikubaliana bei gani, utasikiliza sauti ngapi?

Maswali madogo yapigieni kura ndani ya grupu, na kila kura iwe na mwisho: "Inafungwa Alhamisi usiku." Asiyepiga kura usimseme mbele ya wenzake. Mpigie pembeni. Wa Bukoba alinyamaza karibu mwezi mzima, tukadhani ametususa. Nilipompigia akaniambia ni mjamzito, hali si nzuri, na hakutaka kutuvunja moyo. Jambo kama hilo haliwezi kusemwa kwenye kura.

Fedha. Tulichanga 100,000 kila mwezi, mtunza hazina akawa wa Mwanza kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yake. Kila mchango ukiingia, anaandika kwenye jedwali la Google Sheets ambalo wote tunaliona: tarehe, nani, kiasi. Mafuta, kulala, kula, na fungu la dharura, kila kimoja na safu yake. Wanaotuma kutoka nje waandikiwe kiasi kilichofika kwa shilingi, maana makato ya njiani hayafanani. Hatukugombana hata mara moja kuhusu hela, na nawajua wenzangu, bila lile jedwali tungegombana.

Njia tuliipanga juu ya ramani moja ya Google, kila mtu akiweka alama zake. Hapo ndipo wa Mwanza alipogundua hana haja ya kuja Dar: angepita Singida, Dodoma na Mtera, atukute Iringa. Siku ya kwanza tukaiwekea Dar hadi Iringa, kama kilomita 500, tukaacha nafasi ya kutosha. Mikumi barabara inakatiza hifadhini kwa karibu kilomita 50 na huwezi kukimbia, twiga na nyati wanavuka. Mlima Kitonga malori yanapanda taratibu, na kuyapita kwenye zile kona ni kutafuta kifo. Kwa hiyo tukaandika kabisa kwenye ramani: "Kitonga kabla ya saa kumi jioni." Wa Muscat, aliyekuwa dereva wetu mkuu, akaongeza: "Vijijini 50, tochi za trafiki zipo."

Kabla ya kuondoka kila mtu apakue ramani ya njia nzima kwenye simu yake, akiwa kwenye intaneti ya nyumbani. Yako maeneo mtandao unakata. Na lokesheni ya moja kwa moja kwenye WhatsApp haidumu zaidi ya muda wa saa nane, hivyo tuliiwasha upya kila tuliposimama kula.

Tuliiwasha kwa ajili ya wa Bukoba. Hakuweza kuja, ila hatukumtoa kwenye grupu, na mchango wake tulimrudishia wote. Ruaha Mbuyuni, tukiwa tumesimama kununua vitunguu, akaandika: "Mmesimama hapo dakika ishirini, mnanunua gunia?" Matema tulipofika soko la Lyulilo, wanakouza vyungu vya Wakisi, tulimpigia simu ya video. Mama muuzaji akawa anainua kimoja kimoja mbele ya kamera, anakigonga kwa kidole ili mteja wa Bukoba asikie mlio wake. Alikataa viwili. Cha tatu nilikipakata mapajani, kimefungwa kwa khanga, mpaka Dar.