Jinsi ya Kutunza Kivuko cha Chini ya Barabara ili Watu Wasirudi Kuvuka Juu

Kabla hujashuka kukagua kivuko, simama juu, kando ya barabara yenyewe, kwa dakika 15. Hesabu wanaokatiza katikati ya magari ilhali kivuko kipo hatua chache kutoka walipo. Fanya hivyo mara tatu: asubuhi isiyo na mvua watu wanapokwenda kazini na shuleni, jioni giza linapoingia, na saa moja baada ya mvua kubwa. Wakiongezeka baada ya mvua, tatizo ni maji. Wakiongezeka jioni, tatizo ni mwanga na hofu. Wakiwa wengi nyakati zote, basi njia yenyewe ni ya mzunguko, au ina ngazi mahali penye baiskeli, mizigo na watoto wa kubebwa. Hilo halitibiwi kwa ufagio wala rangi, linadai mteremko mpya. Anayevuka juu si mkaidi. Amekipima kivuko kwa macho na kwa pua, akaona heri magari.

Maelezo haya yanawalenga waliokabidhiwa kivuko kilichokwisha kujengwa: mafundi wa mji, wasimamizi wa usafi na kamati za mitaa.

Anza na maji

Kivuko ndicho mahali pa chini kuliko pote palipokizunguka, kwa hiyo kila tone la jirani linakitafuta. Maji nayo huzaa karibu matatizo yote mengine: huleta ukoga na utelezi, huingia kwenye taa, huozesha takataka, hulisha kutu kwenye nondo. Ukibadilisha taa na kupaka rangi kabla ya kukausha kivuko, baada ya msimu mmoja wa mvua utairudia kazi yote.

Kinga ya kwanza iko nje. Kila mdomo wa kivuko uwe na kizingiti, yaani mwinuko mpole wa sentimita 10 hadi 15 kupita usawa wa mfereji wa barabara, ili maji ya mtaani yapite pembeni badala ya kuteremka ndani. Mwinuko huo upande na kushuka polepole, kwa urefu wa mita 3 kila upande, ili baiskeli na kiti cha magurudumu vipite bila kugonga. Kosa linalojirudia ni hili: barabara huwekewa lami mpya juu ya ile ya zamani, tabaka juu ya tabaka, mpaka kizingiti kinamezwa bila mtu kutambua. Kila barabara ya jirani inapowekwa lami, pima upya siku hiyohiyo, kabla mkandarasi hajaondoa mitambo yake.

Chini ya kila mteremko panatakiwa mfereji unaokatisha upana wote wa njia, wenye kifuniko cha chuma. Vyuma vya kifuniko vilale kukingama na mwelekeo wa baiskeli. Vikilala kufuata gurudumu, tairi jembamba huzama na mwendeshaji hurushwa mbele. Mafundi hukosea hapa baada ya kusafisha mfereji, pale kifuniko cha mraba kinaporudishwa kikiwa kimegeuzwa. Pigia alama ya rangi upande mmoja wa kifuniko na ukingo wake ili arudishaye asibahatishe.

Sakafu ya ndani iiname kwa asilimia 2 kuelekea pembeni, yaani sentimita 2 kwa kila mita 1 ya upana. Njia rahisi ya kuipima ni kumwaga ndoo ya lita 20 katikati ya kivuko, kusubiri dakika 10, kisha kuzungushia chaki kila dimbwi lililobaki. Madimbwi hayo ndiyo orodha yako ya kazi ya zege.

Kama maji hayawezi kutoka yenyewe, utakuwa na chemba, yaani shimo la kukusanyia maji, na pampu. Hesabu ya pampu si ngumu. Chukua eneo lote lililo wazi kwa mvua na linaloteremkia chemba. Tuseme miteremko miwili, kila mmoja mita 40 kwa 5, jumla mita za mraba 400. Mvua ya milimita 50 kwa saa italeta mita za ujazo 20 kwa saa, takriban lita 5.6 kwa sekunde. Pampu iweze kusukuma kiasi hicho katika kimo halisi cha kupandisha maji, kuanzia chini ya chemba hadi yanapotokea. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye kibandiko cha pampu kwa kawaida ni ya kusukuma bila kupandisha chochote, na wengi hununua kwa kuitazama hiyo peke yake. Weka pampu mbili, kila moja ikiweza kazi yote, zikipokezana kila zinapowaka. Pampu ya akiba isiyowashwa kamwe hukwama, na utagundua hivyo siku ya gharika.

Kila mwezi zijaribu kwa maji halisi, si kwa kubonyeza swichi tu. Weka alama mbili ndani ya chemba, jaza hadi ya juu, kisha pima sekunde ambazo kila pampu inachukua kushusha maji hadi ya chini. Andika. Muda ukiongezeka kwa robo kuliko ulivyokuwa mwanzo, panga la pampu limelika au limezongwa na nyuzi na mifuko. Maji yakipanda tena haraka pampu inapozima, na hakuna mvua, vali ya kuzuia maji kurudi haifungi. Mara nyingi ni kijiwe tu kilichokwama mdomoni mwake. Pampu isipowaka kabisa, kwanza tazama boya, yaani kielea kinachoiwasha maji yakipanda: waya wake hunasa kwenye bomba au hufungwa na takataka. Sanduku la umeme lisiwe chini kivukoni. Liwe juu, nje, kupita kimo cha maji ya juu kabisa yaliyowahi kufika.

Hapa tunasisitiza kwa nguvu zote: mtu asiingie kwenye chemba peke yake, wala bila kipima gesi. Uchafu unaooza hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, na ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa kabla ya kumuua mtu mwenyewe. Acha chemba wazi, pulizia hewa kwa feni, pima, mfunge anayeingia mkanda na kamba, na mtu abaki juu. Aliye chini akianguka, wa juu amvute kwa kamba na aite msaada. Akimfuata chini, mtazika wawili.

Mwanga, mchana kama usiku

Watu hufikiria taa za usiku wakasahau mchana. Mtu anayetoka kwenye jua kali na kuingia penye kivuli haoni vizuri kwa sekunde kadhaa, na mwendeshaji baiskeli katika sekunde hizo amekwisha kwenda mita nyingi. Kivuko kilichofunikwa chenye urefu wa kutosha kuwa na giza katikati kinahitaji wastani wa lux (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) 350 mchana, na lux 100 usiku, sehemu hafifu kabisa usiku isishuke chini ya 50. Pima kwa kipima mwanga sakafuni kila baada ya mita 2, katikati na pembeni. Kisha kiinue hadi mita 1.5, kikitazama upande anakotoka mpita njia: huo ndio mwanga unaoangukia usoni. Mtu anayekuja akiwa umbali wa mita 10 uso wake lazima usomeke, maana hofu ya kivukoni hutokana zaidi na kutomjua anayekuja kuliko na giza lenyewe.

Osha vifuniko vya taa kabla ya kuamua kwamba taa zimechoka. Vumbi, moshi wa magari na wadudu hula mwanga polepole mpaka hakuna anayekumbuka ulivyokuwa. Kuosha kila miezi mitatu ni nafuu kuliko taa mpya. Kuta nyeupe au za rangi ya maziwa huurudisha mwanga, za rangi nzito huumeza, kwa hiyo picha za ukutani zinazopendeza na kulinda ukuta dhidi ya michoro ya ovyo zichorwe juu ya msingi mweupe.

Taa ziwe za LED, zenye kinga ya IP65 dhidi ya vumbi na maji na IK10 dhidi ya kupigwa, zilizofukiwa kwenye kona ya dari na ukuta. Zipangwe kwenye saketi mbili kwa kupishana, taa moja saketi hii, inayofuata saketi ile. Breka moja ikianguka kivuko kinapungukiwa nusu, hakizimi. Na miteremko nje iwe na taa vilevile. Ukiangaza ndani peke yake, anayetoka anaingia gizani kama kipofu, na aliyejificha nje anamwona yeye.

Macho na mwendo

Baiskeli ikienda kilomita 20 kwa saa huhitaji takriban mita 17 kusimama. Kwa kilomita 30 kwa saa, takriban mita 31. Kwenye mteremko mwendo wa 30 hufikiwa bila kukanyaga pedeli hata mara moja. Kwa hiyo nenda mita 17 kutoka kila kona, kisha mita 31, ujiulize kama ungemwona mtoto aliyesimama nyuma ya kona hiyo. Jibu likiwa hapana, ondoa kinachoziba: vichaka, mabango, vibanda. Mimea iliyo ndani ya mita 3 kutoka ukingo isizidi sentimita 60, na matawi ya miti yaanzie mita 2.5 kwenda juu. Kona ya ukuta inayoziba ikatwe mshazari kama muundo unaruhusu, na mhandisi ndiye wa kuthibitisha hilo. Kioo mbinuko, kile kilichobinuka katikati, ni gongo la mwisho, kwani huonyesha watu wadogo na wa mbali kuliko walivyo, na hufunikwa na vumbi haraka.

Vizuizi vya kupindapinda vinavyowekwa mlangoni ili kuzuia pikipiki hatuvipendi. Mwenye pikipiki hupenya, ila mwenye kiti cha magurudumu, baiskeli ya magurudumu matatu au kigari cha mtoto hubaki nje na kurudi barabarani. Tumia nguzo fupi zilizoachana mita 1.5, zenye kimo cha mita 1 au zaidi na mikanda inayong'aa, na ziwe juu ya mteremko ambako watu bado wako polepole. Nguzo iliyosimikwa chini ya mteremko ni mtego.

Upana nao hudanganya. Hakuna anayetembea wala kuendesha akigusa ukuta. Kila upande hupoteza karibu nusu mita, kwa hiyo kivuko cha mita 3 kwa matumizi ni cha mita 2. Katika chembamba hivyo usichore mstari wa kugawa njia. Mstari humpa mwendeshaji haki ya kutopunguza mwendo mahali ambapo hapana nafasi ya kupishana. Andika chini kwamba ni njia ya wote, waenda kwa miguu kwanza. Kivuko kikiwa na nafasi, tenga kwa ukingo wa sentimita 5 uliochongwa mshazari, usionasa pedeli.

Sakafu na kuta

Sakafu ikipimwa kwa pendulamu, kifaa cha kupima utelezi, ikiwa imelowa, isomeke 36 au zaidi. Chini ya hapo hatari ya kuteleza huongezeka. Usiipake rangi ya mafuta, wala usitandike vigae laini vya ukutani. Ukoga usugue kwa brashi ngumu na usuuze, kisha tafuta unyevu unatoka wapi.

Unga mweupe kama chumvi ukutani ni alama ya maji yanayopita ndani ya zege. Madoa ya rangi ya kutu ni habari mbaya zaidi: nondo zimeanza kuliwa na kutu. Gonga ukuta na dari kwa nyundo ndogo. Panapolia kama debe tupu zege limeachana, na kipande cha dari kinaweza kumwangukia mtu, kwa hiyo kibandue mwenyewe siku hiyo ukiwa umezuia njia. Ufa wenye upana wa zaidi ya milimita 0.3, au unaokua, muite mhandisi. Usizibe uvujaji kwa lipu upande wa ndani. Maji yatahama tu mita moja. Kinachofaa ni kudunga rezini, gundi ya majimaji inayoganda, ndani ya ufa au kiungio, na kuzibua matundu ya kutolea maji nyuma ya kuta za miteremko.

Harufu ya mkojo osha kila siku, lakini dawa yake ya kweli ni choo kilicho wazi karibu na mdomo wa kivuko. Michoro ya ovyo ifutwe ndani ya siku mbili, ya matusi siku hiyohiyo.

Kufunga na kufungua baada ya mafuriko

Maji yakifika kimo cha sentimita 15 na yanatiririka, funga midomo yote kwa vizuizi vizito, si utepe, na weka mtu au ishara ya kuwaelekeza watu mahali salama pa kuvuka juu. Kabla ya kufungua: kata umeme wote, toa maji, ondoa matope kabla hayajakauka, rudisha vifuniko vya mifereji kimoja kimoja ukivihesabu, kagua taa na nyaya, ndipo uwashe umeme na ujaribu pampu zote mbili. Kisha chora mstari mwembamba ukutani pale maji yalipofika na uandike tarehe, ili fundi ajaye kufunga kifaa cha umeme ajue aanzie wapi.