Namna ya Kuchagua Rimu na Matairi ya Golf GTI ya Kizazi cha Saba

Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, ni hachibeki ya kasi inayoonekana sana Nairobi na Mombasa, na nyingi kati ya hizo ziliingia nchini zikiwa zimeshatumika Japani au Uingereza. Mwenye gari hili akishalizoea, kitu cha kwanza anachotamani kubadilisha aghalabu ni rimu. Akifika dukani, iwe ni Barabara ya Kirinyaga au Gerezani kule Dar es Salaam, swali la kwanza analoulizwa ni "Unataka inchi ngapi?" Naamini kwa dhati kwamba swali hilo ndilo la mwisho kujibiwa. Kinachotangulia ni kipenyo cha gurudumu zima pamoja na tairi lake, kisha upana wa rimu na mahali inapokaa ndani ya madigadi, kisha uzito inaoweza kuubeba, na inchi za rimu hujitokeza zenyewe baada ya hapo.

Tuanze na namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. GTI hii hutoka kiwandani na rimu za inchi 17 au 18, na chache zina 19. Tairi la inchi 18 ni 225/40R18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili haimaanishi milimita 40, kama wengi wanavyodhani, bali ni asilimia 40 ya ule upana, na ndiyo urefu wa ukuta wa tairi kutoka ukingo wa rimu hadi panapokanyaga lami. Asilimia 40 ya 225 ni milimita 90. Rimu ya inchi 18 ni milimita 457.2, ukijumlisha kuta mbili, ya juu na ya chini, unapata kipenyo cha milimita 637. Hiyo ndiyo namba ya kuandika pembeni, kwa sababu kila tairi utakalolifikiria litapimwa dhidi yake.

Tairi la 225/45R17 lina kipenyo cha milimita 634, pungufu ya nusu asilimia, yaani karibu sawa kabisa. 205/55R16 ni milimita 632. 225/35R19 ni 640, na 235/35R19, ambalo baadhi ya Golf za aina ya R hutoka nalo kiwandani, ni 647, zaidi kwa asilimia 1.5. Yote hayo yanavumilika. Lakini 225/50R17, ambalo muuzaji anaweza kukusifia kwa kuwa "linainua gari kidogo", ni milimita 657, zaidi kwa asilimia 3, na hapo ningekataa. Mimi huweka mpaka kwenye asilimia 1.5 juu au chini. Tairi likizidi kipenyo, spidi inayoonyeshwa kwenye dashibodi huwa ndogo kuliko ambavyo ingeonyeshwa kwa tairi la kiwandani, gia zote huwa kana kwamba zimerefushwa, kwa hiyo gari linapoteza ule mchomoko uliokufanya ulinunue, na nafasi ndani ya madigadi hupungua pande zote. Jambo muhimu zaidi ni kwamba magurudumu manne yalingane. Breki za ABS na mfumo wa kuzuia gari lisiteleze hulinganisha kasi ya mzunguko wa kila gurudumu, na gurudumu lenye kipenyo tofauti huipotosha hesabu hiyo saa zote.

Ukuta wa tairi unastahili kufikiriwa kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo springi ya kwanza ya gari kabla ya springi zenyewe. Niliwahi kufunga 235/35R19, lenye ukuta wa milimita 82 tu, na gari likapendeza sana likiwa limesimama. Usiku mmoja wa mvua, nikirudi Nairobi kutoka upande wa Athi River, gurudumu la mbele kushoto liliingia katika shimo lililokuwa limejaa maji, likionekana kama lami iliyolowa. Tairi halikupasuka. Nilifika nyumbani, na asubuhi nilipoinama kulitazama nikakuta ukuta wa upande wa ndani umetoa uvimbe wa ukubwa wa yai la kuku, na ukingo wa rimu umebonyea kwa upana wa vidole vitatu. Uvimbe wa namna hiyo maana yake ni kwamba nyuzi zilizomo ndani ya ukuta zimekatika, na hakuna kiraka kinachouponya. Tairi hilo halifai tena hata kuwa la akiba. Ukuta wa milimita 101, ambao unaupata kwenye 225/45R17, una karibu sentimita mbili zaidi za kujikunja kabla chuma hakijagonga ukingo wa shimo. Sentimita mbili zinaonekana kidogo kwenye karatasi, lakini kwa barabara zetu na matuta yake ndizo zinazoamua kama utaendelea na safari au utatafuta jeki gizani.

Baada ya kipenyo, tazama namna rimu inavyoshika kwenye habu, yaani kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa. GTI hii ina bolti tano kwenye duara la milimita 112, ambalo madukani huandikwa 5x112, na tundu la kati la milimita 57.1. Rimu nyingi zinazotoka Japani ni 5x114.3, kwa kuwa ndizo za Toyota, Nissan, Honda na Mazda nyingi, na tofauti ya milimita 2.3 ni ndogo kiasi kwamba fundi asiyejali anaweza kuzikaza kwa nguvu hadi zikakaa. Usikubali hata kidogo. Bolti iliyoingia kwa kulazimishwa haikai sawasawa kwenye kiti chake, yaani mahali kichwa chake kinapokalia rimu, hulegea polepole, na siku moja gurudumu huondoka. Rimu za Mercedes na Audi nyingi ni 5x112, ingawa tundu lao la kati huwa pana zaidi, mara nyingi milimita 66.6, nalo hurekebishwa kwa pete ya kujazia yenye 66.6 kwa nje na 57.1 kwa ndani. Pete hiyo hugharimu pesa kidogo sana na huondoa mtetemo wa usukani ambao watu huhangaika kuutafutia dawa kwa kusawazisha magurudumu mara tatu, mara nne.

Hapa tunafika kwenye ofseti, ambayo ndiyo inayowashinda wengi, nami sioni kwa nini iwe siri ya mafundi. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaobana kwenye habu, na huandikwa ET nyuma ya rimu. ET ikiwa kubwa, gurudumu hukaa ndani zaidi. Ikiwa ndogo, hutokeza nje. Rimu ya kiwandani ya inchi 17 au 18 ya GTI hii ni 7.5J ET49. Ile J ni umbo la ukingo wa rimu, na 7.5 ni upana kwa inchi, sawa na milimita 190.5, na nusu yake ni 95.25. Ukijumlisha 49 unapata milimita 144 kutoka habu kuelekea ndani, ukitoa 49 unapata milimita 46 kuelekea nje. Sasa chukua rimu unayoitamani, tuseme 8J ET45, ufanye hesabu ileile: 147 ndani na 57 nje. Maana yake itakaribia shokapu kwa milimita mbili hivi, na itatokeza nje kwa milimita 10. Gari lenye springi zake za kiwandani hulipokea hilo bila tatizo. Rimu ya 8.5J ET45 huingia ndani kwa milimita 9 zaidi na kutoka nje kwa karibu 17, na hapo unakaribia ukingo wa madigadi, hasa ikiwa gari limeshushwa. Ile ya 8.5J ET35, inayopendwa kwa kuwa inajaza madigadi, inatokeza milimita 27. Mbali na kusugua, gurudumu lililosogezwa nje kiasi hicho huongeza mzigo kwenye beringi na hufanya usukani uvutwe kila unapokanyaga mafuta kwa nguvu, jambo ambalo gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele halihitaji kuongezewa.

Kabla ya kulipa, pima gari lako mwenyewe, kwa sababu pengine limeshabadilishwa springi na mwenye nalo wa awali. Lisimamishe kwenye sakafu tambarare, tairi zikiwa na upepo sahihi, usukani ukiwa umenyooka. Shikiza uzi wa timazi kwenye ukingo wa juu wa madigadi, uuache uning'inie mbele ya tairi, kisha pima kwa rula ya chuma kutoka uzi hadi sehemu ya ubavu wa tairi iliyotokeza zaidi. Ukipata milimita 20, rimu inayotoka nje kwa 10 itakuachia 10. Rudia nyuma, maana nafasi ya mbele na ya nyuma hazilingani daima. Upande wa ndani, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, na upime nafasi iliyopo kati ya tairi na shokapu. Nisingependa ibaki chini ya milimita 5. Kisha waite watu wanne wazito, wakae ndani, upime tena.

Upana wa tairi nao lazima uendane na rimu. Tairi la 225/45R17 hukubali rimu ya kuanzia 7J hadi 8.5J, 225/40R18 huanzia 7.5J hadi 9J, na 235/40R18 huhitaji angalau 8J. Kulivuta tairi jembamba juu ya rimu pana ili ubavu ulale ni mtindo ninaouona sana kwenye magari yaliyoshushwa, nao huacha ukingo wa rimu wazi kupokea kila jiwe.

Breki ndizo zinazoweka kikomo cha chini. GTI ya kawaida ina diski za mbele za milimita 312, na ile iliyouzwa na kifurushi cha Performance ina za milimita 340. Kwa hizo za pili usifikirie inchi 16, na hata rimu ya inchi 17 lazima ijaribiwe, kwa sababu umbo la mikono ya rimu linaweza kugusa kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, hata kipenyo kikitosha. Bandika donge dogo la unga uliokandwa juu ya kalipa, funga rimu tupu bila tairi, izungushe kwa mkono, kisha ivue na utazame unga umebonyea kiasi gani. Ukibaki na unene wa milimita 3 au zaidi, endelea.

Kuhusu uzito, tazama kibandiko cha gari kinachotaja mzigo wa juu wa kila ekseli. Tuseme cha mbele kinasema kilo 1,020: kila gurudumu linabeba 510, na rimu inapaswa kuwa imechapwa nyuma yake uwezo usiopungua huo. Rimu isiyo na namba ya mzigo, wala alama ya JWL, ambayo ni ya viwango vya rimu vya Japani, wala ya kibali chochote kinachotambulika, iache hapo dukani hata kama imeng'aa vipi. Rimu za kufuliwa, yaani zilizotengenezwa kwa kubana chuma kwa nguvu (forged), ni nyepesi na imara kuliko za kusubu, yaani zilizomiminwa kwenye kalibu (cast), ila bei yake ni kubwa, na rimu nzuri ya kusubu kutoka kiwanda cha gari lenyewe ni bora kuliko mwigo wa bei rahisi. Kwa tairi, tazama namba na herufi zinazofuata vipimo ubavuni, kama 91W. Namba ni mzigo: 91 ni kilo 615 na 92 ni kilo 630. Herufi ni kasi ya juu: V ni kilomita 240 kwa saa, W ni 270, Y ni 300. Usishuke chini ya kilichoandikwa kwenye gari lako. Tazama pia tarehe ya kutengenezwa: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka sita ghalani, likipigwa na joto la Mombasa, si jipya hata kama meno yake yamejaa.

Kwa anayeendesha gari hili kila siku mjini na mara mojamoja hadi Nakuru au Voi, jibu langu ni rimu ya inchi 17, 7.5J yenye ET49, au 8J yenye ET45, na 225/45R17 la namba 91W au 94W. Anayekaa kwenye lami nzuri muda mwingi abaki na 18 na 225/40. Inchi 19 zinahitaji barabara ambazo wengi wetu hatuzipiti.

Siku ya kufunga, kagua bolti. Bolti za Volkswagen ni M14x1.5, yaani unene wa milimita 14 na milimita 1.5 kati ya uzi na uzi, na kiti chake ni cha duara, kama sehemu ya mpira, ilhali rimu nyingi za madukani hutaka kiti chenye umbo la pia, yaani koni. Zikichanganywa hugusana kwenye mstari mwembamba tu na hulegea. Zizungushe kwa mkono uhesabu mizunguko hadi zikaze. Mimi hukataa iliyo chini ya minane. Sugua kutu kwenye habu kwa brashi ya waya, kaza kwa mpangilio wa nyota kwa spana ya kupimia hadi Nm (newtonmita) 120, wala usimruhusu fundi amalizie kwa bunduki ya upepo. Gari likishashuka, weka upepo, kisha liambie gari lenyewe kupitia menyu ya dashibodi kwamba magurudumu yamebadilishwa, kwa sababu Golf nyingi za kizazi hiki hazina vihisi ndani ya tairi bali hukisia upepo kutokana na mzunguko. Fanya alaimenti siku hiyohiyo. Baada ya kilomita 50 rudia kukaza bolti, kisha ingiza mkono ndani ya madigadi zote nne na upapase plastiki ya ndani: mahali palipolainika na kung'aa, penye vumbi jeusi la mpira, ndipo tairi linapogusa.